Species III: Nani kakwambia damu safi ndiyo yenye nguvu?

Filamu ambazo shujaa wake ni mwanafunzi mtafiti anayekaribia kukatiwa fedha za mradi ni chache sana. Species III ni mojawapo. Kijana anaitwa Dean, ana mradi wake wa kinu kidogo cha nishati ya nyuklia, chuo kinataka kuufunga, na profesa mmoja anamvuta pembeni: njoo unisaidie kazi yangu, na yako itanyooka. Kazi yenyewe ni kumlea kiumbe wa anga za mbali mwenye sura ya binadamu, tena nyumbani kwa profesa. Dean anakubali. Wenzangu mnaosubiri barua za ufadhili, tusitazamane usoni. Nusu yetu tungekubali.

Niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa darasa la sita, kwenye kibanda umiza, jamaa wa kutafsiri akipiga kelele juu ya sauti za waigizaji. (Mama, kama unasoma hapa, siku ile kweli nilikuwa tuisheni.) Kwa mujibu wa yule mtafsiri, filamu ilikuwa na makundi mawili tu ya viumbe: "orijino" na "machotara". Orijino ni Sara, yule binti mrembo asiyeguswa na ugonjwa. Machotara ni wale wanaougua na kufa ovyo, wakimwinda Sara wazae naye ili wapate kizazi chenye afya. Miaka ikapita, nikasoma biolojia ya molekuli mpaka shahada ya uzamili, na wiki mbili zilizopita nikairudia filamu kwenye laptop, safari hii bila mtafsiri. Nikakuta yule jamaa hakuongeza chumvi hata kidogo. Ndiyo hadithi yenyewe ilivyo, na ndiyo iliyonikalisha kuandika haya.

Onyo: nitamwaga mtama wote, pamoja na mwisho.

Kwa ambao hawajafuata mfululizo huu, twende haraka. Species ya kwanza ilitoka 1995, ikiongozwa na Roger Donaldson, na umbo la yule kiumbe lilibuniwa na H. R. Giger, mchoraji yuleyule wa Uswisi aliyebuni jinamizi la Alien. Ilikuwa na waigizaji wazito, Ben Kingsley na Forest Whitaker wakiwemo, na iliingiza zaidi ya dola milioni 100. Wanasayansi wa Marekani wanapokea ujumbe wa redio kutoka angani wenye mpangilio wa DNA, wanauchanganya na yai la binadamu, anazaliwa binti anaitwa Sil, anatoroka, watu wanakufa. Ujumbe huo unaelezwa kuwa jibu la salamu zilizorushwa kutoka Arecibo, Puerto Rico, mwaka 1974. Salamu hizo zilirushwa kweli, kuelekea kundi la nyota la M13. Ila M13 iko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 25,000, kwa hiyo jibu la mapema kabisa kutoka huko lingetufikia baada ya miaka 50,000 hivi. Tuseme labda kuna mtu alidaka salamu njiani. Haya, tumewasamehe.

Ya pili, 1998, inawapeleka wanaanga Mars. Wanarudi na maambukizi ya DNA ya kigeni, na mmoja wao, Patrick, anaanza kuzaa na wanawake hovyo hovyo, watoto wakikua kwa siku badala ya miaka. Upande wa pili yupo Eve, aliyetengenezwa maabara kama alivyotengenezwa Sil. Hofu ya filamu nzima ni Patrick na Eve wasikutane. Ya tatu ilitoka 2004, ikaongozwa na Brad Turner, haikupelekwa kwenye majumba ya sinema bali runinga na DVD, na unaiona bajeti ilivyobana: nyumba moja, madarasa mawili matatu, kinu, msitu, usiku mwingi. Eve anajifungua ndani ya gari la jeshi, anauawa na mmoja wa watoto wa Patrick, na Daktari Abbot anaondoka na kichanga. Kichanga ndiye Sara.

Mimi sina ugomvi na umaskini wa filamu hii. Kusema kweli ufinyu wa bajeti umeifaa. Ya pili ilikuwa na jeshi na helikopta, lakini haikuwa na mtu hata mmoja wa kumjali. Hapa tuna profesa anayeficha jambo ndani ya nyumba yake, mwanafunzi anayejidanganya kwamba ni kazi ya muda tu, na binti anayekua mbele yao bila kuambiwa yeye ni nini. Hiyo ni hadithi. Robert Knepper anamfanya Abbot kuwa mtu unayemjua: msomi ambaye hajawahi kukubali kwamba anachokipenda na kilicho sahihi vinaweza kuwa vitu viwili. Sunny Mabrey naye, kama Sara, angefanya mengi zaidi kama kamera isingekuwa na kazi moja tu ya kumvizia akiwa uchi. Hilo nalitaja na kupita, maana ni ugonjwa wa mfululizo wote.

Ugomvi wangu uko kwenye neno "safi".

Tuhesabu pamoja. Eve ni nani? Ni zao la maabara, DNA ya binadamu na ya kigeni zimechanganywa. Patrick ni nani? Ni binadamu aliyeambukizwa, naye kachanganyika. Sara ni mtoto wao. Yaani huyo tunayeambiwa ni mkamilifu, asiye na doa, ni chotara aliyezaliwa na chotara na chotara. Wale wanaoitwa machotara kwa dharau ni watoto wa Patrick kwa mama wa kibinadamu. Ni kweli wana fungu kubwa zaidi la binadamu. Lakini kati yao na Sara hakuna mstari wa safi na mchafu. Kuna tofauti ya vipimo tu, kama chai yenye maziwa mengi na chai yenye maziwa kidogo.

Mendel anatupa hesabu kali zaidi. Chukua jeni moja ambayo kila mzazi ana nakala mbili: moja ya kibinadamu, moja ya kigeni. Uwezekano wa mtoto kupokea zote mbili za kigeni ni 1 kwa 4. Jeni mbili zinazorithiwa kila moja kivyake, 1 kwa 16. Jeni kumi, 1 kwa 1,048,576. Tumefika moja kwa milioni na tumetumia jeni kumi tu, wakati binadamu ana karibu 20,000 zinazotengeneza protini. Jeni zilizo jirani kwenye kromosomu moja hurithiwa kwa mafungu, kwa hiyo hesabu halisi ingelegea kidogo, ila haiwezi kulegea mpaka Sara azaliwe "safi" kwa mimba moja ndani ya gari la jeshi. Waandishi hawakukosea hesabu kwa bahati mbaya. Hawakuifanya kabisa, kwa sababu usafi katika filamu hii si jambo la jeni. Ni cheo.

Sasa turudi kwa wale wanaougua. Maelezo ya filamu ni kwamba uchotara umewadhoofisha, miili yao haihimili magonjwa ya kawaida ya dunia. Hapa naomba nikupeleke duka la pembejeo. Mkulima yeyote wa mahindi atakwambia mbegu chotara ndiyo ya bei, na hailipiwi kwa huruma. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale, Kenya, walitoa mbegu iitwayo H611, ambayo mzazi mmoja alikuwa mahindi ya Kenya na mwingine mahindi yaliyotoka Ecuador, Amerika ya Kusini. Wazazi wasiojuana kabisa, mtoto akawapita wote. Nenda kwa wafugaji: ng'ombe chotara, kuku chotara. Lugha yetu imelitumia neno hilohilo kwa kitu tunachokilipia zaidi dukani na kwa mtoto tunayemnong'ona mtaani. Yule mtafsiri wa kibandani alichagua maana ya pili bila kusita, na sisi watoto tukamfuata.

Kinachoendelea ndani ya mbegu chotara si muujiza. Kila ukoo umebeba nakala kadhaa za jeni zilizoharibika. Ukioanisha ndugu na ndugu, nakala mbovu inakutana na mbovu mwenzake na udhaifu unajitokeza. Ukioanisha wageni, penye ubovu wa huyu kuna uzima wa yule. Kwenye jeni za kinga ya mwili ndiyo zaidi: mwenye nakala mbili tofauti anatambua vijidudu vya aina nyingi kuliko mwenye mbili zinazofanana. Unataka kuona kiumbe "safi" kweli, mtazame duma. Duma wanafanana vinasaba kiasi kwamba katika miaka ya 1980 watafiti walipandikiza ngozi kati ya duma wasio ndugu, na miili yao haikuikataa haraka kama ambavyo ya kwako ingekataa yangu. Ukiwa mwanabiolojia, hiyo ni habari ya kukunyima usingizi: kijidudu kinachompata mmoja kikampata vizuri, kimewapata wengi.

Lakini nisije nikawauzia mbegu mbovu. Uchotara si dawa ya kila kitu. Ukihifadhi mahindi ya mbegu chotara ukayapanda msimu unaofuata, mavuno yanashuka. Na umbali wa wazazi ukizidi, mambo yanaharibika: farasi ana kromosomu 64, punda 62, mtoto wao nyumbu ana 63 (nyumbu wa kubeba mizigo namaanisha, si wale wa Serengeti), na 63 haigawanyiki mbili. Ana nguvu za ajabu, ila mara nyingi kabisa hazai. Sasa fikiria umbali wa binadamu na kiumbe wa sayari nyingine. Kama filamu ingesema mchanganyiko huo hauwezi hata kupumua, ningeipigia makofi. Inachosema ni kitu kingine kabisa: wanapumua, wanasoma chuo, wanaendesha magari, wanaweza kuzaa, ila eti ni dhaifu kwa sababu wamechanganyika. Hapo biolojia imeshashuka kituoni. Aliyebaki kwenye basi ni mtu mwingine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba filamu ya pili ilikuwa imegusa jibu. Mle walikuwemo wanaanga watatu, na mmoja wao, Dennis, Mmarekani mweusi, hakuambukizwa. Kwa nini? Kwa sababu amebeba jeni ya selimundu. Mwisho wa filamu damu yake ndiyo inakuwa silaha. Kama ufundi wa maabara, huo ni uongo mtupu: selimundu ni badiliko la herufi moja katika jeni ya himoglobini, halina mkono wa kuiua DNA ya kutoka Mars. Ila wazo lililo nyuma yake lina asili ya kweli, na asili hiyo iko huku kwetu.

Anthony Allison alikulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa kijana, alizunguka nchi ile akikusanya sampuli za damu, akaona jambo la ajabu: pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria wabebaji wa selimundu walikuwa wengi, nyanda za juu walikuwa wachache. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake kwamba mwenye nakala moja ya selimundu na moja ya kawaida ana kinga fulani dhidi ya malaria. Leo hoja hiyo iko katika kila kitabu cha jenetiki. Nakala mbili za kawaida, malaria kali inaweza kukuondoa mapema. Nakala mbili za selimundu, unaumwa ugonjwa wenyewe, na anayeishi na mgonjwa wa sikoseli hahitaji mimi nimweleze yale maumivu. Anayevuka ni wa katikati. Mchanganyiko.

Mimi ni wa katikati. Nilipima nikiwa mwaka wa pili chuoni, majibu yakaja AS. Nikampigia shangazi, ambaye ndiye amenilea, akanyamaza kidogo kisha akauliza, "Kwa hiyo damu yako si safi?" Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa ameogopa tu. Nikamweleza mambo ya malaria, akasema sawa baba, lakini nikajua neno limeshaingia. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani wanazaliwa na selimundu, na ushauri wa kupima kabla ya kuoana ni wa muhimu, naupigia debe. Ila ukifika nyumbani ukiwa umevaa neno "safi", unageuka kuwa kitu kingine. Mchumba anaachwa. Mama wa mtoto mgonjwa anaulizwa kwao kuna nini, kana kwamba nakala ya pili haikutoka kwa baba.

Ndiyo maana sikuweza kucheka nilipofika mwisho wa Species III, ingawa mwisho wenyewe una mavazi ya mpira na moshi wa kutosha. Abbot ameshakufa. Kuna mapambano kwenye kinu cha nyuklia, na Amelia, chotara wa kike aliyetaka kazi ya Abbot iendelezwe, anatumbukia humo na kuteketea. Inadhaniwa kazi yote ya Abbot imeharibiwa. Kumbe Dean amemtengenezea Sara mwenzi wa kiume asije akaishi mpweke. Wawili hao wanaondoka. Rafiki yake Dean anapanic: umeiuza dunia? Dean anatulia, anamwambia asihofu, yule mwenzi amemtengeneza akiwa tasa. Muziki unapanda na sisi tunatakiwa tupumue.

Hii mbinu ina jina, na imewahi kufanyika kweli, Unguja. Kati ya 1994 na 1997 madume ya mbung'o yalifugwa Tanga, yakapigwa mionzi yakawa tasa, yakamwagwa kisiwani kwa ndege kwa mamilioni. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akishakutana na dume tasa, ukoo wake umeishia hapo. Mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o, na ugonjwa wa nagana ukawaachia ng'ombe. Ni moja ya kazi safi kabisa za sayansi katika ukanda huu (mnaona, hata mimi neno limenitoka). Ndiyo kazi ambayo Dean amemfanyia Sara.

Filamu imetumia zaidi ya saa moja na nusu kutushawishi kwamba Sara ni mtu. Anauliza maswali, anachagua, anakataa kuzaa na wale wanaomtaka, mwishoni anaonyesha utu kuliko aliyemlea. Kisha swali la kama atazaa au la linaamuliwa na mwanafunzi mmoja, kwa nia njema, bila yeye kuambiwa, na kwa mbinu ya mbung'o. Marekani wanalo jeraha lao hapo. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliruhusu jimbo la Virginia limfanye tasa msichana anayeitwa Carrie Buck kwa sababu eti ukoo wake ulikuwa na akili pungufu. Walioamua nao walikuwa watulivu, na waliamini wanailinda jamii. Filamu inayotoka nchi hiyo, tena inayohusu damu safi na damu ya kuchanganya, ingeweza kufanya kitu na kumbukumbu hiyo. Dennis wa filamu ya pili alikuwa mlango uliofunguliwa nusu. Ya tatu imeufunga, ikaweka kabati mbele yake.

Je, uitazame? Mimi nasema itazame, hasa ukiwa maabara unamsaidia mtu kazi ambayo hujaielewa vizuri. Ile nusu ya kwanza, Dean anaposita mlangoni kwa profesa akiwaza mradi wake, ni ya kweli kuliko filamu nyingi zenye bajeti mara kumi. Ya nne, ya 2007, unaweza kuiacha bila kukosa kitu. Ila ukifika kwenye mazungumzo ya mwisho ya Dean na rafiki yake, sitisha picha kidogo uangalie chumba. Wako wanaume wawili wameketi, mmoja anaeleza alichofanya, mwingine anatikisa kichwa kwa nafuu. Sara ameshaondoka.